Shavu la Dirishani

Ni nini hasa kilichompa baba yangu shavu jipya? Nimeulizwa swali hili na wahadhiri, na madereva wa malori, na mama mmoja mwenye saluni aliyenifuata hadi kituo cha basi akiwa bado ameshika kitana, na wote nimewajibu kwa heshima kwamba sijui. Wahadhiri hawakulipenda jibu hilo. Mama wa saluni alinisonya.

Ili swali lieleweke, sharti nianze na shavu lenyewe, yaani lile la zamani. Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu. Amekaa upande uleule wa kabini tangu kabla sijazaliwa, na muda wote huo jua limekuwa likiingia kwa dirisha la mlango wake na kumpiga upande mmoja tu wa uso. Shavu la ndani, lile linaloelekea kiti cha utingo, ni la mwanamume wa makamo aliyelala na kula vizuri. Shavu la dirishani lilikuwa la babu yake: mikunjo iliyochimbika kama barabara ya udongo baada ya mvua, mabaka meusi, na ngozi nene iliyoning'inia chini ya jicho kana kwamba imechoka kusubiri kustaafu.

Mama, ambaye ni fundi cherehani na ambaye hajawahi kufanya mzaha usiochoma, husema aliolewa na mume mmoja akajikuta analala na wawili. "Nikitaka kuomba kitu," hutuambia mbele yake, "nakaa upande wa kijana. Nikitaka kugombana, nazunguka kwa mzee. Mzee hana nguvu za kujibu." Baba hucheka. Siku zile alicheka kwa shavu moja tu, kwa kuwa lile jingine lilikuwa limeshagoma.

Chuoni ndiko nilikojifunza sababu. Miale ya jua ni ya namna mbalimbali. Ile ya pupa, inayomuunguza mtu hadi akakimbilia kivulini, huzuiwa kwa kiasi kikubwa na kioo cha gari. Lakini ipo mingine yenye subira, inayopenya kioo, ikazama ndani ya ngozi na kukatakata nyuzi zinazoishikilia ngozi isilegee. Anayepigwa nayo haungui, kwa hiyo hana habari kwamba anazeeshwa. Nilipolisikia jambo hilo darasani, wenzangu waliandika. Mimi niliona uso wa baba na nikashikwa na hasira ambayo kemia haikuwa imenifundisha kuipima. Nilikuwa nimeona madukani mafuta ya kujikinga na jua, katika chupa ndogo nzuri zenye picha za watu ambao, kwa ulaini wa nyuso zao, ni dhahiri kwamba hawajawahi kutoka nje. Nikaapa kwamba elimu yangu, kama ina maana yoyote, itakaa upande wa dirisha.

Nilikuwa katika umri wa kuapa.

Mhadhiri aliyekubali kunisimamia alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kutangaza treni, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amechachusha majani ya mpera. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Majani huchemshwa, maji yake yakapozwa na kutiwa sukari, kisha hutiwa bakteria wa jamii ile inayogandisha maziwa, na kuachwa katika mitungi ya kioo yachachuke. Bakteria hula sukari, na katika kula huko hukata kemikali kubwa za jani kuwa vipande vidogo ambavyo, kwa matumaini yetu, ngozi ingevipokea kwa urahisi zaidi. Katika seli tulizozikuza maabara, maji hayo yalielekea kupunguza madhara ya miale. "Lakini seli hazina mashavu," Mhadhiri alipenda kusema. "Nitafutie mashavu."

Ubaya wa kazi hiyo ulikuwa mmoja tu, nao ni harufu. Maabara yetu ilinuka kama soksi iliyolowekwa katika siki na kusahauliwa. Wanafunzi wa chumba cha pili waliziba upenyo wa chini ya mlango kwa magazeti. Mfanyakazi wa usafi alibisha hodi siku moja akauliza, kwa upole wa mtu aliyezoea misiba, kama kuna aliyefia ndani. Sisi wawili, mimi na Mhadhiri, tulikuwa tumekaa humo kiasi kwamba pua zetu zilikuwa zimeacha kazi bila kuaga. Hatukuwa tunasikia chochote. Naliandika jambo hili hapa kwa sababu ndilo lililotuponza.

Mashavu niliyatafuta yalikokuwa, katika yadi ya malori anakofanyia kazi baba. Madereva walinikusanyikia chini ya paa la gereji, wakakaa juu ya matairi, na kikao kikafunguliwa rasmi na Katibu. Huyu alikuwa katibu wa umoja wa madereva wa yadi ile, mtu mwenye tumbo lililotangulia usukani, ambaye hawezi kuomba chumvi mezani bila kwanza kuuliza kama wajumbe wametimia.

"Haya, Profesa," akasema. Ndivyo walivyoniita tangu nilipofaulu kuingia chuo. "Unataka nini kwetu?"

"Nataka mashavu yenu."

Wakaangua kicheko kilichomfanya fundi aliyekuwa chini ya lori atoe kichwa nje.

"Mzee Taratibu!" Katibu akamgeukia baba, ambaye amepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kuonekana akikimbia, hata mvua ikinyesha. "Binti yako kaja kuomba mashavu ya wanaume mchana kweupe. Umemlea vipi huyu?"

"Mimi nilimlea," baba akasema. "Chuo ndicho kimemharibu."

Nikawaeleza. Nusu yao wangepewa mafuta yaliyotiwa maji ya mpera yaliyochachushwa, katika chupa zenye kifuniko chekundu au bluu, sijui ipi. Nusu nyingine wangepewa mafuta yaleyale yasiyotiwa kitu. Mhadhiri pekee ndiye aliyejua rangi ipi ni ya nini. Kila mtu angejipaka shavu la dirishani kila asubuhi, na maisha yake mengine yote yangebaki kama yalivyo, bila kubadilisha hata kofia.

"Subiri kidogo," alisema kijana mmoja mwenye masharubu mapya, ambaye wenzake walimwita Bwana Harusi kwa kuwa alikuwa na mchumba na hakuwa na habari nyingine. "Kwa hiyo mimi naweza kupaka miezi yote hiyo, kumbe najipaka bure?"

"Inawezekana."

"Na harusi yangu?"

"Harusi haimo katika utafiti."

"Sikia, Profesa." Katibu akainua mkono kuwanyamazisha waliokuwa wakimcheka Bwana Harusi. "Nataka nielewe, nisije nikaandika vibaya kumbukumbu za kikao. Tunapanga foleni wote. Halafu wengine wanapewa chakula, wengine wanapewa sahani."

"Ndiyo. Bila hivyo hatuwezi kujua kama chakula ndicho kilichoshibisha."

"Na huyu wa sahani kakosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Ndiyo maana nauliza."

Nilitoa hotuba. Nilizungumza juu ya ukweli, juu ya wajibu wa kila mmoja kwa wengi wasioonekana, juu ya siku ambapo dereva yeyote mahali popote atastaafu akiwa na uso mmoja. Nakiri kwamba ilikuwa hotuba nzuri. Wakatia saini wote, si kwa sababu ya hotuba bali kwa sababu baba alikuwa wa kwanza kuchukua kalamu, na mtu asiyewahi kukimbia akitangulia kufanya jambo, watu hudhani lina maana.

Miezi ikapita. Kila nilipokwenda yadi na kifaa changu cha kupimia mvutano wa ngozi, niliwakalisha mmoja mmoja juu ya tairi na kuwapiga picha, nao wakapokezana utani. "Usicheke, unaharibu sayansi." "Mpige na kisogo, huyu kisogo chake ndicho kizuri." Lakini vipimo havikuwa utani. Ngozi ilikuwa inarudi kulainika. Mabaka yalififia. Mikunjo ya baba haikuondoka, ila ilipoteza ukali, kama maandishi yaliyopitiwa na kitambaa chenye maji. Na jioni moja, mama alipomwambia kwamba shati lake jipya linamfanya aonekane kama godoro lililofungwa vibaya, baba alicheka kwa mashavu yote mawili. Mama aliacha kukata kitambaa akamtazama.

"Yule mzee wangu wa kugombana naye yuko wapi?" akauliza. Kisha akainamia mkasi wake haraka, na sikuuona uso wake.

Mhadhiri hakuinama popote. Alikwenda huku na huko katika maabara akitangaza treni zake zote kwa wakati mmoja. Jopo la idara lingekaa mwezi huo kuisikiliza kazi yangu, na hilo ndilo lililobaki ili nihitimu. Kampuni moja ya vipodozi ilikuwa imeomba kutuma mtu wake kuhudhuria. Lilikuwepo jambo moja lililonikera: wenye vifuniko vyekundu na wenye vifuniko vya bluu walikuwa wameboreka karibu sawa. Nilimweleza.

"Takwimu zitatenganisha," akasema. "Zikishindwa, tutazisaidia."

Nilidhani anatania.

Wiki moja kabla ya jopo nilipeleka yadi chupa za mwisho. Nilimkuta Katibu amekaa juu ya tairi, amebana katikati ya magoti dumu la manjano, na mdomoni mwa dumu imekaa faneli ya kutilia dizeli. Pembeni, juu ya gunia safi, zilikuwa zimepangwa chupa zangu tupu, nyekundu na bluu, kama watoto wanaosubiri uji.

"Afadhali umefika, Profesa. Mimina humu."

"Nimimine wapi?"

"Humu, kwenye dumu. Tunachanganya kwanza, halafu tunagawana sawasawa."

Nadhani nilikaa chini. Sikumbuki kukaa, lakini sketi yangu ilikuwa na grisi nilipofika nyumbani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwanzo. Wiki ya kwanza, siku ile ile ya kikao cha dharura." Katibu alishangaa kwamba sina habari. "Huyu Bwana Harusi alikuja analia."

"Sikulia," akasema Bwana Harusi kutoka ndani ya kabini.

"Alilia. Kagundua kapewa sahani."

"Aligunduaje? Mafuta yanafanana!"

Wakatazamana. Nikaona wanatafuta namna ya kunieleza jambo bila kuniumiza.

"Profesa," Bwana Harusi akashuka ngazi ya lori taratibu. "Chupa za vifuniko vyekundu zinanuka kama kuna kitu kimefia kwapani mwa mtu. Za bluu zinanuka vizuri tu. Mtu hahitaji kwenda chuo kulijua hilo."

"Nani aliamua kuchanganya?"

 Wote waligeuka, kwa adabu ya kupita kiasi, wakamtazama baba, ambaye alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele akikaza nati ambazo, kwa ninavyomjua, zilikuwa zimekazwa tangu juzi.

"Baba?"

"Kijana anaoa," akasema bila kugeuka. "Tumwache ajipake bure, sisi tunapendeza? Dizeli ikimwishia mwenzetu njiani, tunafanya nini?"

"Mnamchangia."

"Basi."

Nilitazama juu, na hapo ndipo nilipoona la pili. Katika kila dirisha la dereva, yadi nzima, kulikuwa na pazia fupi la kitambaa kizito cheusi, lililotiwa lastiki juu na chini, likaziba nusu ya dirisha na kuacha kioo cha pembeni kionekane. Pindo lake lilishonwa mara mbili, na mwisho wa uzi ulirudishwa nyuma kwa mshono mfupi wa mshazari. Mshono huo naujua kuliko mwandiko wangu mwenyewe.

"Na hayo mapazia?"

"Ah, hiyo ni habari ya askari," Katibu akasema, akilainisha koo kama mtu anayeombwa kurudia hadithi anayoipenda. "Mafuta yako yakipata joto la jua dirishani, harufu inakuwa kubwa, yaani inapanda. Wiki ya kwanza tu nasimamishwa kizuizini, askari anachungulia ndani, anarudi nyuma hatua mbili. 'Mzee, umekunywa nini?' Namwambia sijanywa, nimejipaka. 'Umejipaka pombe?' Namwambia hapana, mpera. Kanipulizisha kile kipimo chao mara tatu! Mara tatu, na kila mara hakuna kitu, na kila mara ananinusa tena. Nikarudi hapa nikaitisha kikao, nikasema jamani, hili shavu lisipate jua. Mke wa Mzee Taratibu akatushonea."

Kwa hiyo, kwa miezi yote ya utafiti wangu juu ya jua, hakuna shavu hata moja lililokuwa limepigwa na jua.

Nyumbani, mama sikumkuta na hatia yoyote usoni. Alikuwa mezani, meza ile ile ambayo mimi hukaa upande wa pili nikipiga hesabu zangu, akitia uzi kwenye sindano.

"Mama, umewashonea madereva mapazia."

"Ndiyo. Wiki nzima nilishona hapa hapa mbele ya macho yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unayalalia! Niliyarundika kitandani kwako, ukayafanya mto. Asubuhi moja nikakuuliza, 'Yanakufaa hayo?' Ukasema, 'Asante, mama.'" Akauma uzi ukakatika. "Mtu anayeangalia vijidudu tu mwisho haoni hata ng'ombe."

Mhadhiri alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza, uso wake ukang'aa.

"Si mbaya," akasema. "Wote wamepata maji ya mpera, kwa kiasi fulani. Tutaacha habari ya vikundi viwili. Tutasema ni utafiti wa kabla na baada. Picha zinajieleza."

"Na mapazia, Mwalimu?"

"Nani amekuuliza mapazia?"

"Hakuna."

"Basi jibu unachoulizwa. Sikiliza, binti. Mimi nimechachusha majani haya miaka mingi, watu wanaziba milango yao kwa magazeti. Hii ni mara ya kwanza mtu anataka kuingia."

Sikumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi kama ningemchukia. Alichosema hakikuwa hata uongo kamili: kabla ilikuwepo, na baada ilikuwepo, na picha zilikuwa za kweli. Nikikubali, nahitimu na wenzangu. Nikikataa, mwaka mzima mwingine juu ya kiti kile kile, huku pua yangu ikiendelea kufa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaanza, katika kichwa changu, kutunga sentensi ambazo zingepita katikati bila kugusa ukuta wa upande wowote.

Baba alikuwa amekaa barazani anasubiri. Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

"Nimekuharibia?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama anavyofanya kila kitu. "Hatutasema. Nimeshaongea nao. Dumu tumelitupa. Madereva wameficha mambo makubwa kuliko hilo, mwanangu, usiulize." Kisha, akitaka kunichangamsha, "Na ukishathibitisha wiki ijayo, tunatoa yale mapazia. Katibu kasema. Joto lile mle ndani, tunapikwa kama ndizi. Si mafuta yatakuwa yamekubaliwa? Pazia la nini tena?"

Alilisema kwa furaha, akijigusa shavu, lile jipya.

Nilimtazama. Niliona mkono wake ukitembea juu ya ngozi ile, na nikaona barabara zote zilizokuwa mbele yake hadi atakapostaafu, na dirisha likiwa wazi, na jua lenye subira likiingia, na baba amekaa kwa amani nyuma ya mafuta yangu yanayonuka, akiamini kwamba binti yake amehakikisha. Labda yangemkinga. Labda yalikuwa hayajamkinga hata siku moja. Sentensi nilizokuwa nikizitunga zote zilinitoka.

"Wiki ijayo njoo na wenzako wote chuoni," nikamwambia. "Siku ya jopo."

"Kupiga makofi?"

"Kukaa tu."

Walikuja. Walivaa makoti, wakakaa safu ya nyuma ya ukumbi wa idara, na Katibu alikuwa amebeba kijitabu kwa ajili ya kumbukumbu za kikao ambacho hakikuwa chake. Bwana Harusi alikuja na mkewe mpya. Mama alikaa kando ya baba, upande wa kijana. Mbele walikaa wahadhiri wa jopo, na pembeni yao bwana wa kampuni ya vipodozi, mwenye uso laini usio na habari ya dirisha lolote. Mhadhiri wangu alinipungia mkono nianze.

Picha mbili za baba zikatokea ukutani, kubwa kuliko mlango. Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Nyuma mtu akasema, "Jamani, Mzee Taratibu ana pua," na mwingine akamnyamazisha.

Nikaeleza yote. Nilieleza harufu ambayo mimi na msimamizi wangu hatukuisikia, dumu la manjano, kikao cha dharura, askari na kipimo chake, mapazia. Sikumtaja aliyeamua kuchanganya, nilisema "washiriki." Lakini nilipofika hapo, baba alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima, "Ni mimi," kisha akakaa. Katibu akaandika.

Bwana wa kampuni alikuwa ameinamia simu yake. Mhadhiri wangu alitazama dirishani.

Mwenyekiti wa jopo, mzee mkavu mwenye miwani ya minyororo, alivua miwani hiyo akaifuta. "Sasa, binti," akasema, "baada ya hadithi hiyo yote. Je, mafuta haya yanakinga ngozi, au hayakingi?"

"Sijui."

"Na wewe ndiye mtafiti."

"Ndimi. Ndiyo maana najua kwamba sijui."

Nyuma mtu alicheka, akajikohoza. "Hebu atoe mfano!" Katibu akasema kwa mazoea ya vikao vyake, kisha akakumbuka alipo na kuomba radhi kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama kwa muda, akavaa miwani, akanirudia mimi.

"Kwa hiyo unataka tufanye nini nawe?"

 Niliwatazama wa mbele, kisha wa nyuma, kwa sababu nilitaka wasikie wote kwa pamoja na pasiwe na kikao kingine baadaye cha kunitafsiri.

"Naiondoa kazi hii," nikasema. "Haithibitishi chochote kuhusu mpera, na sitahitimu kwayo mwaka huu. Nitaanza upya: harufu itakuwa moja kwa chupa zote, kila dereva atakuwa na pazia, na kitakachotofautiana ni mafuta tu. Chupa zilizobaki nazitaka maabara leo, hata zile ambazo, nimesikia, mmoja wenu alimgawia mama mwenye saluni. Na baba, na nyinyi wote mlioko nyuma: mapazia hayatolewi."